Tafadhali Usizime

Washairi wetu wa kale hawakuingia katika kisa kwa pupa. Kwanza humtaja Mola, kisha humsalia Mtume, kisha aghalabu huagiza wino na karatasi, ndipo kisa kianze. Mwana Kupona wa Pate, alipomtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858, naye alimwita asogee karibu na achukue wino na karatasi. Wasomaji wengi wa leo huzipita beti hizo upesi, wakidhani kuwa ni ada tu. Mimi huziona kuwa ni kazi kamili. Hapo mtunzi humwambia msikilizaji, kwa lugha ya msikilizaji, kwamba kuna jambo linatayarishwa na kwamba inafaa asubiri.

Kompyuta nayo ina dibaji yake. Baina ya kidole kubonyeza kitufe na mtu kuanza kazi, hupita muda ambao mashine yenyewe bado haijajijua. Kwanza huamka programu ndogo iliyofungwa ndani ya ubao wake, ikapapasa kumbukumbu na disiki. Kisha, katika mashine nyingi zinazotumia Linux, programu hiyo humkabidhi kazi mpakiaji aitwaye GRUB, ambaye huuliza ni mfumo upi uamshwe. GRUB hukipakia kiini, kiini humwamsha systemd, na systemd huwaamsha wote waliobakia: disiki, saa, mtandao, printa, mpaka mlango wa kuingilia. Waingereza wameliita tendo hili kwa neno la kiatu, kwa taswira ya mtu anayejinyanyua kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe. Mafundi wetu husema "inabuti". Wengine husema "inawaka", kama taa. Mimi hupendelea kusema "inaamka", kwani mwenye kuamka hupita kwanza katika hali ya kutatarika, na huenda akasema maneno ambayo wa nje hayaelewi.

Maneno hayo ya kuamka ndiyo ninayotaka kuyazungumza hapa, pamoja na wajibu wa mfasiri juu yake.

Sikusoma kompyuta chuoni, kama vile sikusoma ushairi chuoni. Ushairi niliupata kwa kusikiliza na kunakili. Kompyuta niliipata kwa kamusi na subira. Mwaka 2006 niliandika kuomba, na baada ya majuma kadhaa posta ikaniletea bahasha yenye diski za Ubuntu bila ya mimi kulipa hata senti. Zama hizo zilikuwa zikitumwa bure duniani kote, na utaratibu huo uliendelea hadi 2011. Jina lilinivutia kabla ya kitu chochote, kwani ubuntu wa kusini mwa Afrika ni ndugu wa utu wetu. Miaka miwili nyuma, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden ulikuwa umetoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zinazomsemesha mtu kwa Kiswahili. Sisi watu wa pwani tulitabasamu kidogo kwa jina hilo, kwani "jambo" peke yake twaijua kuwa ni salamu ya kuwapa wageni wa hotelini. Lakini kazi yenyewe ilituonyesha kuwa lugha yetu yaweza kukaa juu ya kioo bila ya kuona haya.

Hata hivyo, Kiswahili hicho kilianzia chumbani. Barazani na mlangoni mashine iliendelea kunena Kiingereza, nasi tuliona ni sawa, kwani mlangoni hapakai mtu. Mtu hupita tu.

Niliyaona makubwa ya jambo hili mbali na bahari. Nimekaa Shinyanga mjini kwa miaka kadhaa, nikifasiri nyaraka za watu wa kila aina, na wenyeji wangu huniita Mpemba ingawa kitovu changu kimezikwa Unguja. Tangu ulipopitishwa Mkataba wa Minamata mwaka 2013, maandishi juu ya hatari ya zebaki yameongezeka, na mengi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali wachenjuaji wa dhahabu ndio wanaoyahitaji zaidi. Basi kazi hiyo ya maonyo hunipeleka Geita, kwa njia ya Kahama na Kakola, penye mgodi wa Bulyanhulu. Geita ina mgodi wake mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000, nao umejulikana duniani. Lakini pembeni mwake wapo wachimbaji wadogo wanaoingia maduarani kwa kamba na tochi, wakasaga mawe kwenye karasha, wakaosha mchanga mialoni, na kukamata dhahabu kwa zebaki.

Kikundi kimoja cha wachimbaji hao kina chumba cha matofali chenye meza, mzani na kompyuta ya mtumba. Ndani ya kompyuta hiyo mna orodha ya mifuko. Asiyeijua kazi ya machimbo huenda akaiona orodha hiyo kuwa ni kitu cha kawaida, kwa hiyo nitaieleza. Mawe yakitoka duarani hutiwa mifukoni, na mifuko hugawanywa: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara aliyegharimia chakula na mbao, na fungu la wachimbaji wenyewe. Kabla ya jiwe kusagwa hakuna ajuaye kwa yakini mfuko upi una dhahabu na upi ni mawe matupu. Kwa hiyo kila mfuko ni bahati ya mtu iliyofungwa kwa kamba, na jina lake katika orodha ndilo fundo la kamba hiyo.

Jioni moja ya masika umeme ulikatika mara tatu. Dada anayetunza hesabu aliiwasha tena mashine, na kioo kikajaa maandishi meupe ya Kiingereza juu ya weusi, yakiteremka upesi, kisha yakasimama. Akachomoa waya. Akawasha tena, maandishi yakarudi, akachomoa tena. Siku ya pili orodha ya wiki nzima haikufunguka.

Nilifika kesho yake na karatasi zangu za zebaki, nikakuta kikao. Watu walikuwa wakizikusanya hesabu upya kutoka katika madaftari ya mfukoni na katika vichwa. Wengi walielewana. Mmoja, mtu wa makamo aliyetoka upande wa Maswa, hakuwa na daftari wala shahidi, na mifuko yake miwili haikutambuliwa. Hakupiga kelele. Alinigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyesemwa kuwa najua Kiingereza, akaniomba nimsomee kile ambacho mashine ilikisema usiku ule.

Yule dada alikuwa ameyapiga picha maandishi kwa simu yake. Nikasoma. Mashine ilikuwa imesema kwamba haikuzimwa kwa utaratibu, kwamba inakagua disiki na kurekebisha palipoharibika, na kwamba imefika sehemu fulani katika mia. Yaani ilikuwa ikitengeneza hasa kile walichoogopa kukipoteza, na ilikatizwa mara mbili katikati ya matengenezo.

"Kumbe ilisema," akanijibu yule mzee. "Ila haikusema na sisi."

Dada wa hesabu akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, mimi nikiona Kiingereza kingi namna ile najua pameharibika. Barua za Kiingereza hapa huja na hasara."

Nililifikiri neno lake hilo kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameisoma lugha kwa namna inavyomjia: notisi, madai, amri ya kuondoka. Mbele ya kioo kile alitumia elimu aliyokuwa nayo, na elimu hiyo ilimwambia akate. Lau maandishi yangekuwa ya kimombo chenye upole wa malaika, kwake yangelibaki kuwa ni tishio.

Tukaanza kazi, mimi na kijana fundi aliyejifunza ufundi wake Mwanza. Kwanza tulitaka kujua mashine husubiri nini inapoamka, kwani kila kungoja kusikoelezwa humfundisha mtu kuchomoa waya. Ipo amri ya systemd-analyze ambayo hutaja kila huduma na muda iliotumia, kama mnyapara anayesoma daftari la mahudhurio. Tukakuta ngojeo tatu.

La kwanza ni la GRUB. Katika Ubuntu, mashine ikikatikiwa na umeme kabla haijamaliza kuamka, mara ifuatayo GRUB husimama na menyu yake kwa sekunde 30, ili mtu apate nafasi ya kuchagua njia nyingine. Kwa mwenye kujua, hiyo ni hisani. Kwa asiyejua, mashine imekwama. La pili lilikuwa la disiki ya nje iliyoandikwa katika orodha ya disiki za kufunguliwa, ambayo mara nyingi huwa haikuchomekwa. systemd huingojea sekunde 90 nzima, kisha huhesabu kwamba mambo yameshindikana. Neno moja, nofail, likiongezwa katika mstari wa disiki hiyo, huiambia mashine kuwa asiyekuwapo asizuie safari. La tatu ni ukaguzi wenyewe wa disiki, na huo hauna budi. Tukapunguza ngojeo la kwanza hadi sekunde tano, tukaliondoa la pili, na la tatu tukaliacha. Hilo ndilo lililohitaji maneno.

Hapo ndipo mimi na kijana tulipohitilafiana.

Katika faili la mipangilio ya GRUB huwamo maneno mawili ya Kiingereza, "quiet" na "splash". La kwanza humwamuru kiini anyamaze. La pili huweka picha mbele ya kazi inayoendelea, kama pazia. Anayelisimamia pazia hilo ni programu iitwayo Plymouth, iliyoanza kutumika katika Fedora mwaka 2008 na kuingia katika Ubuntu mwaka 2010. Mtu akitaka pazia lake mwenyewe hutengeneza folda ya picha na hati fupi ya maelekezo, kisha huitia ndani ya kifurushi kidogo ambacho kiini hukifungua mwanzoni kabisa, kabla ya disiki kubwa. Kijana alikuwa ameshatengeneza picha nzuri ya machweo juu ya Ziwa Victoria, na kipande cha dhahabu chini yake, na hakutaka herufi hata moja.

"Mzee," akaniambia, "mtu hapendi kuona utumbo wa mashine. Mpe picha atulie."

Alikuwa na hoja. Maandishi yanayoteremka mbio hayamfai mtu yeyote asiyekuwa fundi. Lakini nilimuuliza: usiku ule wa masika, kama picha yako ingekaa kimya kwa dakika kumi, dada yako angefanya nini? Akafikiri, akacheka, akasema, "Angechomoa."

Kwa hakika, picha iliyo kimya na Kiingereza kisichoeleweka humfikisha mtu mahali pamoja. Vyote viwili havimwambii kinachotendeka. Tukapatana hivi: picha yake ibaki, na chini yake uwepo mstari mmoja tu wa Kiswahili, unaobadilika kulingana na hali. Anayetaka undani, abonyeze Esc, pazia lifunguke, maandishi yote ya kifundi yaonekane kama yalivyo.

Basi nikapewa kazi ya mistari. Nilijiwekea sharti la shairi letu la kawaida, yaani ukwapi mizani nane na utao mizani nane, kwa sababu moja ya kiutendaji: mstari wenye mizani hushikika kichwani, na mtu anayeusoma kwa shida huweza kuusikia kutoka kwa mwingine na akaurudia bila ya kuuharibu. Vina sikuvitafuta, kwani mistari hii haikai katika ubeti mmoja. Kila mmoja huja peke yake kwa saa yake.

Wenyeji walitaka kwanza salamu. Mmoja alipendekeza "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na chumba kizima kikafurahi. Mtunza hesabu ndiye aliyeikataa. Mashine, alisema, huamka kila umeme unaporudi, hata saa nne ya usiku. Nani atasalimiwa salamu ya asubuhi saa nne ya usiku? Akasema pia kuwa katika maduara yale wamo Wasukuma, Waha, Wajita na waliotoka ng'ambo ya mpaka, na wote wanaelewana kwa Kiswahili. Salamu ikaachwa. Mstari wa kwanza ukawa huu:

Subiri kidogo ndugu, mashine yajiandaa.

Wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Rasimu ya awali ilisema "hesabu zakaguliwa", na mizani yake ilitimia, na watu waliipenda. Lakini mashine haikagui hesabu. Haijui kama mfuko wa fulani umeandikwa kwa haki au kwa dhulma. Hukagua mahali mafaili yalipowekwa tu. Kuwaambia wachimbaji kwamba hesabu zao zinakaguliwa ni kuwapa amana ambayo mashine haiwezi kuitunza, na siku ya ugomvi mtu angesimama na kusema, mbona ilikagua? Nikatafuta neno la mahali pa kuweka vitu, na Kiswahili kilikuwa nalo zamani, tangu enzi za majahazi na karafuu:

Tafadhali usizime, ghala inakaguliwa.

Wa tatu ni wa kuombea nywila, kwa kuwa tuliifunga disiki kwa ufunguo ili mwizi wa mashine asiwe mwizi wa orodha:

Andika neno la siri, mlango utafunguka.

Na wa nne ni wa balaa. Mfumo unaposhindwa kufungua disiki, systemd huingia katika hali ya dharura na kuondoa pazia. Katika huduma hiyo tuliongeza amri moja ndogo ya kuandika mstari kabla ya maelezo ya kifundi kufuata chini yake:

Ghala haikufunguka, muite fundi upesi.

Wajuzi wataona kwamba nimeandika "muite" pahala pa "mwite" ili kujaza mizani. Ni ruhusa ya kale, nami sikuona haya kuitumia mbele ya mashine.

Sitaki msomaji adhani kwamba mistari minne ilimaliza tatizo. Baadaye kikundi kilinunua betri ya kushikilia umeme mpaka mashine izimwe kwa taratibu, na orodha hunakiliwa kila jioni katika flashi inayokaa kwa mwenyekiti. Haya ndiyo yanayolinda mafaili. Neno halitengenezi disiki. Neno humzuia mtu asiikatize mashine inayoitengeneza, na pale Geita kizuizi hicho kilikuwa kimekosekana usiku mmoja tu, ikatosha.

Nilirudi huko baada ya miezi mitatu. Umeme ulikatika mchana, na betri ilikuwa imepelekwa kwa fundi. Uliporudi, dada wa hesabu aliiwasha mashine, picha ya ziwa ikatokea, na chini yake mstari wa pili. Palikuwa na watu sita dirishani wakingoja kuandikisha mifuko. Mmoja wao aliuliza kama imeharibika. Dada akamsomea mstari kwa sauti, ukwapi na utao, kisha akakaa, mikono mapajani. Walingoja takriban dakika saba. Nilimwona yule mzee wa Maswa miongoni mwao, akiitikia kwa midomo bila ya sauti, kama tunavyofanya sote tunapolisikia shairi tulijualo.

Mifuko yake miwili haikurudi. Kikao kilikuwa kimeamua, na mawe yalikuwa yamekwisha sagwa. Lakini aliniambia kuwa sasa ameanza kuandika katika daftari lake mwenyewe, na akanionyesha: tarehe, idadi, jina la aliyekuwapo. Juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa za mkono uliozoea nyundo, alikuwa ameandika: Tafadhali usizime.

Sisi wafasiri hupenda kupewa vitabu vikubwa, na mimi pia hupenda. Lakini mamilioni ya Waswahili kila siku wanasimama mbele ya vioo ambavyo neno lake la kwanza hawalijui: kwenye mashine za benki, za hospitali, za ofisi za ardhi. Maneno hayo ni machache, mengine hayazidi mizani kumi na sita, na katika mifumo iliyo wazi kama Linux hakuna anayetuzuia kuyaandika. Kinachotakiwa ni mtu wa kujua mashine inafanya nini hasa, na mtu wa kujua nani anayesubiri mbele yake. Washairi wetu wa kale, walipoagiza wino na karatasi, waliyajua yote mawili.